Mama Mkwe na Kamba Fupi

Mzinga wenyewe waliuita Mama Mkwe. Jina alilitoa Lambert Surmann siku walipoufunga ndani ya msitu wa Spincourt, nyuma ya vilima vya Verdun. Alisema ni mnene, hana shukrani, na akifungua mdomo hakuna mwanamume anayethubutu kuendelea kuongea. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda hapohapo. Magazeti ya kwao yaliipa mizinga ya aina ile jina la Bertha Mnene, yakaichora imevalishwa mashada ya maua shingoni. Waliochora hawakuwahi kusimama nyuma yake hata siku moja.

Hiyo ilikuwa Februari ya 1916, Wajerumani wakiwapiga Wafaransa. Juni ilipofika, hakuna aliyecheka tena.

Ewald Brockhoff ndiye aliyekuwa mvuta kamba. Alikuwa mchimba makaa kutoka Gelsenkirchen, mabega mapana, paji la uso lina makovu ya buluu ambayo vumbi la makaa huyaacha chini ya ngozi na maji hayayatoi. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba inayoangusha nyundo, nyundo igonge kiwashio, baruti iwake, na kombora zito kuliko fahali liende kuangukia ngome za Wafaransa. Lambert alikuwa mtu wa kizibo, yule anayekifungua na kukifunga kile kipande cha chuma nyuma ya mtutu. Lambert alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe Thekla. Kaka zao wawili walikwishazikwa, mmoja Flanders, mwingine Urusi. Kwa yule mama mkwe wa kweli, aliyebaki nyumbani akipika maboga na kusali, mtoto aliyesalia alikuwa huyo Lambert tu.

Kilichowakatisha kicheko ni mzinga wa jirani, pacha wa Mama Mkwe, uliokuwa umefichwa upande wa pili wa bonde. Wiki iliyotangulia kombora lake halikutoka. Lililipukia humohumo mtutuni. Kina Ewald walitumwa kwenda kusaidia, wakaukuta mtutu umefunguka kama kitunguu kilichopigwa panga. Watu waliokuwa wakiuhudumia waliokotwa kwa maturubai. Wengine walikuwa juu ya miti.

Kapteni von Raschau aliwapanga mstari jioni ile akawaeleza kwamba Mfaransa alikuwa na bahati, alilenga akapata.

"Shimo la kombora la Mfaransa liko wapi?" Lambert alinong'ona. "Mbona mimi sikuliona?"

"Nyamaza, shemeji."

"Nauliza tu."

"Kaulize huko kwa makapteni. Huku chini hatuulizi."

Lakini Ewald mwenyewe alikuwa na swali lake. Thekla alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kujaza makombora. Ewald alipokwenda likizo kabla ya Krismasi alimkuta mikono imekuwa ya manjano mpaka viwikoni kwa dawa za baruti, nywele za mbele zimegeuka nyekundu kama za kinyago. Walikaa jikoni. Thekla akasimulia, si kwa kulalamika, ila kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba zamani walikuwa wakimimina kidogo baruti iliyoyeyushwa ndani ya kombora, wanangoja ipoe igande, ndipo wanamimina tena.

"Siku hizi mnyapara anasema mimina tu. Ikibaki na tundu ndani, nani atachungulia?"

"Na hilo tundu linafanya nini?"

"Nitajuaje mimi? Labda halifanyi kitu. Kunywa supu yako, inapoa."

Aprili alikufa. Waliandika moyo. Moyo! Mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo mbili za makaa ghorofa ya tatu huku anaimba. Ewald aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, akajibiwa kwamba vita havina likizo. Yule aliyejibu hivyo mwenyewe alikuwa ametoka likizo Jumatatu ya wiki hiyohiyo.

Tangu mzinga wa jirani upasuke, kila kombora lililoning'inia kwenye winchi Ewald alilitazama akajiuliza: limemiminwa na nani? Alikuwa amechoka? Mnyapara alikuwa amesimama nyuma yake? Kwa nje yote yalifanana, yamepakwa rangi, yanang'aa, mazuri.

Sajini Dreesen, baba mtu mzima mwenye masharubu ya kahawia, ndiye aliyepata dawa. Aliunganisha kamba za mahema, akazisuka moja kwa nyingine, mpaka akapata kamba ndefu iliyotoka kwenye mzinga, ikapita katikati ya miti, ikaingia kwenye shimo refu lililozungushiwa mifuko ya udongo. Walipomaliza kushindilia kombora, wote walikimbilia shimoni wakalala kifudifudi, na Ewald akavuta kutokea huko. Ilikuwa kazi ya taratibu. Kamba ililowa, ikawa nzito, ikakwama kwenye visiki. Lakini watu walikula chakula kikashuka. Kapteni kwa kawaida alikaa kwenye kibanda cha simu, na kama alijua, alijifanya hajui.

Mambo yaliharibika siku aliyokuja jenerali.

Alikuja baada ya chakula cha mchana, kwa motokaa, kola ya manyoya shingoni ingawa jua lilikuwa linawaka. Alikuja na mpiga picha. Kapteni alikuwa amenyoa mara mbili siku hiyo, kidevu kimekuwa chekundu. Akawatembeza wageni kuuzunguka mzinga, akiupigapiga kama mtu anayeuza farasi, mpaka buti lake likajikwaa kwenye kamba.

"Hii ni nini?"

"Kamba ya kufyatulia, afande," Sajini Dreesen akajibu.

"Mbona inaelekea Berlin?"

Jenerali akacheka. Askari wakatazama viatu vyao.

"Ni kwa usalama, afande. Tangu yale ya jirani..."

"Ya jirani yalikuwa ya Mfaransa." Kapteni hakupandisha sauti. "Au nani kawaambia vingine?"

Kapteni akamgeukia Ewald, maana ndiye aliyekuwa ameishika ile kamba. "Wewe. Fungua hii takataka. Weka kamba fupi, ile ya kitabuni. Kila mtu asimame mahali pake, kifua mbele. Mheshimiwa Jenerali hakusafiri kote huku kuja kupiga picha ya shimo."

Kamba fupi ilimweka Ewald hatua chache tu kutoka kwenye gurudumu. Lambert alikuwa hapo mkono wa kulia, kwenye kizibo, uso mweupe kama jibini.

"Shemeji," Lambert akasema bila kugeuza kichwa, "nikiruka juu ya mti, unishushe kwa heshima. Suruali yangu ina tundu."

"Funga kizibo chako."

"Nimefunga. Mikono ndiyo haifungiki."

Kule mgodini Ewald alikokulia kulikuwa na sheria moja ambayo hata mnyapara mlevi aliiheshimu. Baruti ikiwekwa mwambani isipolipuka, watu wote wanarudi nyuma wanangoja, kwa sababu huenda moto bado unatembea ndani polepole. Hapa kwenye mizinga sheria ilikuwa hiyohiyo. Kombora likigoma, wote shimoni, ngoja. Hata jenerali angekimbia. Na akishakimbia, nani angebaki hapo kupiga picha? Pengine wangeondoka. Pengine wangesema basi, siku nyingine. Wazo lilimjia hivyo tu, halikuwa na mkia wala kichwa, akalidaka kama mtu anayezama anavyodaka jani.

Kapteni akashusha mkono. Ewald akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, mpaka kofia ikamdondoka. Lakini buti lake la kushoto lilikuwa limeikanyaga kamba. Mvuto wote uliishia kwenye soli. Nyundo haikuanguka.

Ndege mmoja akalia.

"Tena!" Kapteni akafoka.

Ewald akavuta tena, meno nje, jasho linamtoka la kweli. Buti halikutoka mahali pake.

Sajini Dreesen alikuwa amesimama upande wake. Macho yake yalishuka mpaka kwenye buti, yakakaa hapo, yakapanda tena. Sajini akajaza pumzi kifuani.

"Limegoma!" akapiga kelele. "Wote shimoni! Shimoni!"

Na kweli jenerali alikimbia. Kola ya manyoya ilipepea kama mkia wa mbwa. Mpiga picha aliacha chombo chake kimesimama kwa miguu yake mitatu, akaingia shimoni kwa kichwa. Walilala huko wamebanana, wakubwa na wadogo, wananusa tope lilelile. Kwa muda mfupi Ewald alikaribia kufurahi.

Kisha jenerali akatoa saa yake mfukoni.

"Tungoje mpaka lini, Kapteni?"

"Sheria inasema tungoje sana, Mheshimiwa. Lakini mimi sioni sababu." Kapteni alikuwa anajifuta tope kifuani, na aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Akaangaza shimo zima. "Mtu wa kizibo ni nani?"

Ewald hakuwa ameliwaza hilo. Aliwaza kila kitu, hilo hakuliwaza. Kombora likigoma, anayetumwa kubadilisha kiwashio ni mtu wa kizibo.

"Mimi, afande," Lambert akasema, sauti kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu.

"Nenda. Weka kiwashio kipya, uniambie."

"Niende mimi, afande," Ewald akadakia. "Kamba ni yangu, nitaangalia na..."

"Wewe kazi yako kamba. Umeulizwa?"

Lambert akapanda kutoka shimoni. Hakuna aliyemtazama usoni. Alitembea kati ya miti kama mtu anayetembea juu ya barafu ya Machi iliyoanza kuyeyuka, anaweka mguu, anangoja, anaweka mwingine. Mara akasimama, akajishika kwenye mti. Aliamini ndani ya ule mtutu moto unatembea. Aliamini kila hatua inamsogeza karibu na maturubai. Na mtu mmoja tu katika shimo lile, au wawili, ndiye aliyejua kwamba hakuna moto wowote, kwamba mzinga umelala usingizi wake tu. Ewald akafungua mdomo. Akiongea, ni ukuta na bunduki kumi na mbili, asubuhi mapema. Akaufunga. Akamtazama Sajini Dreesen. Sajini alikuwa anatazama udongo.

Lambert alifika. Akainua mkono kwenye kizibo, mkono ukabaki hewani. Kisha akakaa chini palepale, mgongo kwenye gurudumu, akajifunika uso.

"Simama!" Kapteni akapaza sauti. "Simama wewe, au nakuja na bastola!"

Ndipo Ewald alipotoka mbio. Alisikia jina lake nyuma yake, hakugeuka. Alifika, akachuchumaa, akamshika Lambert kola. Harufu ilimwambia kwamba shemeji yake alikuwa ameshindwa kujizuia.

"Nisikilize. Halikugoma. Nilikanyaga kamba mimi. Hakuna kitu humo, halijaguswa. Amka urudi."

Lambert akatoa mikono usoni. Macho yake yalikuwa makubwa, mekundu. "Ulijua?"

"Nilitaka waondoke."

"Ulijua, ukaniacha nitembee? Ulikuwa unanitazama?"

"Baadaye utanitukana. Kimbia."

"Mwuaji wewe," Lambert akasema polepole. "Thekla angekutemea mate."

Lakini alikimbia. Ewald akabaki peke yake na Mama Mkwe. Kutoka shimoni Kapteni akapiga kelele kwamba kwa vile Brockhoff anapenda sana kusogea mbele, basi afyatue hapohapo alipo. Sasa hivi. Kwa kamba fupi.

Ewald akabadilisha kiwashio ili waone amebadilisha. Akaishika kamba. Mbele yake kulikuwa na ule mgongo mkubwa wa chuma, na ndani yake kombora ambalo mwanamke fulani wa mikono ya manjano alilimimina, akiwa ameshiba au na njaa, akiwa amengoja au hajangoja. Alijaribu kusali, maneno yakakataa. Alimwona Thekla anasukuma sahani ya supu. Akavuta.

Dunia ilimpiga usoni. Alipofumbua macho alikuwa amekaa chini, majani yanamwangukia, masikio yanapiga filimbi. Akajigusa tumbo, miguu. Vyote vilikuwepo. Moshi ulikuwa unapanda taratibu kutoka mdomoni mwa mzinga, na kombora lilikuwa limekwenda zake kama lilivyotakiwa.

Jenerali alitoka shimoni akipiga makofi. Ewald aliona makofi, hakuyasikia. Kapteni alikuja akamnyanyua kwa kwapa, akatabasamu, akasema kitu, na Ewald akasoma midomo kwa tabu, sauti zikirudi vipandevipande.

"Mnaona?" Kapteni alikuwa akiwaambia wengine. "Mtu mmoja, kamba fupi, yuko mzima. Nani tena ananiletea habari za bahati mbaya? Ile kamba ya Berlin ikatwe, ipelekwe kwa wapishi wakaanikie nguo. Kuanzia leo wote mahali penu. Sajini, lingine! Mheshimiwa bado hajapata picha yake."

Ewald alisimama hapo na uhodari wake mikononi kama mtu aliyebeba mzoga. Alikuwa amewaonyesha kwamba inawezekana. Kesho ingewezekana tena, na keshokutwa, mpaka siku itakayokataa. Hao wakubwa hawahitaji kudanganywa sana, wape mara moja tu kile wanachotaka kuamini.

Winchi ikalia. Kombora la pili likashuka kwenye toroli, lile toroli fupi la magurudumu ya chuma linaloserereka juu ya reli mpaka kwenye kizibo. Rangi yake ilikuwa mpya kabisa, bado inanuka. Upande mmoja wa chini rangi ilikuwa imejikunja kidogo, kama utando juu ya maziwa. Pengine si kitu. Pengine ni jua tu. Ewald alilitazama mpaka macho yakamwuma.

Lambert alikuwa amerudi mahali pake. Alikuwa amejifuta na majani. Hakumtazama shemeji yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa kando ya reli, kama kawaida, ili apate nguvu ya kuvuta mkono wa kizibo.

Toroli lilizuiliwa na kabari ya mti, na ile kabari mvuta kamba ndiye aliyeishika mpaka aambiwe. Reli iliteremka kidogo kuelekea mzingani.

"Shemeji," Ewald akasema.

"Usiniite hivyo."

"Mama yako umsalimie."

Lambert akageuka kumtazama, uso umekunjwa kwa kutoelewa. Ewald akaipiga kabari teke.

Toroli halikuwa na haraka. Lilianza kwa kujivuta, likapata uzito, na Lambert alipotambua alikuwa amechelewa kuutoa mguu. Mfupa ulisikika hata na Ewald, ambaye masikio yake yalikuwa bado yanapiga filimbi. Kisha ukelele, mrefu, uliowafanya hata wapishi watoke jikoni. Wanaume sita walilisukuma toroli nyuma. Buti lilikuwa limekuwa bapa.

"Nani alishika kabari?" Kapteni alikuwa amefika, uso mweusi kwa hasira.

"Mimi, afande. Mikono ina jasho."

Kapteni alimtazama. Alitazama mguu, akamtazama Lambert aliyekuwa anajipinda ardhini, akamtazama tena Ewald. Kama aliona kitu, jenerali alikuwa nyuma yake, na mpiga picha alikuwa ameshainama chini ya kitambaa chake cheusi.

"Mjinga," akasema mwishowe. "Tutaongea jioni. Muondoeni huyo. Mtu mwingine kwenye kizibo!"

Dreesen mwenyewe akaenda kushika kizibo. Alipompita Ewald alimgusa bega kwa kiganja, mara moja, na kiganja kilikuwa baridi.

Lambert akawekwa kwenye machela. Huo mguu usingemrudisha tena vitani. Wangemkata kidole, au vidole, au zaidi, wangempa gongo, na angerudi Gelsenkirchen kwa treni ya majeruhi akamkute mama yake jikoni. Alikuwa anapiga kelele, shingo imetoka mishipa, kidole kimemnyooshea Ewald. Midomo ilikuwa inalitaja jina lake na kulifuatisha na mambo mengine. Ewald hakujaribu kuyasikia. Alitazama machela mpaka ikapotelea nyuma ya miti ya misonobari.

Basi. Mmoja ameondoka. Waliobaki walikuwa wamesimama kuuzunguka mzinga, vifua mbele kama walivyoamriwa: Dreesen na masharubu yake, fundi viatu mmoja kutoka Bochum, mapacha wawili waliohudumia winchi, na wengine. Kwa hao wote Ewald hakuwa na toroli.

Kombora likasukumwa ndani. Baruti ikafuata katika ganda lake la shaba. Kizibo kikafungwa, kikalia kile kilio chake kizito. Ewald akaifunga kamba kiganjani, akajitenga na gurudumu kadiri urefu wake ulivyomruhusu, ambao haukuwa urefu wa maana. Jenerali alikuwa amesogea mbali kidogo na watu, karibu na shimo. Labda kwa bahati tu.

Kapteni akanyanyua mkono, na wanaume wote, kama ilivyo desturi ya watu wa mizinga ili masikio yasipasuke, wakaachama vinywa wazi, wakangoja.